Orodha za watumishi, majalada ya siri na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: halmashauri ianzie wapi?

Afisa Utumishi, Tabora

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Mimi ni afisa utumishi katika mojawapo ya halmashauri za Mkoa wa Tabora, na ninaomba mwongozo wa wenye uzoefu juu ya jambo lililotugawa ofisini. Hivi karibuni tulitakiwa kubandika ubaoni orodha ya watumishi waliopandishwa madaraja pamoja na wale wanaodai malimbikizo ya mishahara. Orodha ilivyoandaliwa ilikuwa na jina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye mfumo wa mishahara), tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, kituo cha kazi, ngazi ya mshahara ya zamani na mpya, na pembeni kabisa safu ya "maelezo" ambamo mwandaaji aliandika mambo kama "yupo likizo ya ugonjwa" au "ana shauri la nidhamu". Nilishauri safu hiyo iondolewe. Mwenzangu akanijibu kwamba ndivyo ilivyofanyika miaka yote na kwamba watumishi wenyewe ndio wanaodai uwazi. Kabla hatujaelewana, picha ya orodha hiyo ilikuwa imekwishafika kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu, na baada ya muda mfupi mtumishi mmoja akaja ofisini kuuliza ni nani aliyewatangazia majirani zake kwamba anaumwa.

Sheria ninaifahamu kwa juu juu. Ninajua kwamba Bunge liliipitisha mwaka 2022, kwamba ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwamba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Kinachonitatiza ni namna inavyoingia katika kazi ya kila siku ya idara ya utumishi. Je, tunapaswa kupata ridhaa ya kila mtumishi kabla ya kuziingiza taarifa zake kwenye mfumo au kuzipeleka kwa taasisi nyingine? Je, orodha za ubaoni sasa ni marufuku? Na je, tufanye nini na kawaida yetu ya kutumiana majina kwenye simu, ambayo kwa umbali wa vituo vyetu imekuwa ndiyo njia ya haraka kuliko zote?

Mwanasheria, Kigoma

Ndugu Afisa Utumishi, nianze na ridhaa, kwa kuwa ndipo ofisi nyingi zinapopotea. Nimeziona ofisi ambazo, mara tu baada ya kusikia habari za sheria hii, zilichapisha fomu za ridhaa na kuwagawia watumishi wote wasaini, zikiamini kwamba kazi imekwisha. Sahihi ya namna hiyo haina uzito mkubwa. Mtumishi hana namna ya kumkatalia mwajiri anayemlipa mshahara na kumpandisha cheo, na ridhaa ambayo mtu hawezi kuikataa haiwezi kuwa ndiyo nguzo ya ofisi ya umma. Nguzo yenu iko kwingine: mnashika na kuchakata taarifa za watumishi kwa sababu sheria nyingine zinawaagiza kufanya hivyo. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, pamoja na kanuni zake, inawataka muwe na kumbukumbu za ajira, upandishwaji vyeo na nidhamu. Sheria ya kodi inawataka mkate kodi. Sheria ya mwaka 2018 iliyoanzisha PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inawataka mpeleke michango. Na mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa agizo la sheria, hata kama angependa isiwe hivyo. Kwa mambo haya hamna haja ya kumwomba mtumishi ruhusa. Mnachowajibika kwake ni kumweleza mnachokusanya, kwa sababu gani, na nani mwingine atakipata.

Mipaka inaanzia hapo hapo. Sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, ziwe zinatosheleza lengo hilo bila kulizidi, ziwe sahihi, zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika, na zilindwe. Sasa itazame orodha yako kwa kipimo hicho. Lengo la kuibandika lilikuwa kumjulisha mtumishi kwamba amepandishwa na kuwawezesha wenzake kuona kwamba haki imetendeka. Kwa lengo hilo jina, kituo na cheo kipya vinatosha. Tarehe ya kuzaliwa haimsaidii msomaji wa ubao kwa lolote, namba ya simu inawasaidia zaidi matapeli wanaowapigia watumishi wakijifanya maafisa wa wizara wanaoshughulikia malimbikizo, na ile safu ya maelezo ndiyo iliyowatia katika matatizo makubwa kuliko yote.

Ninasema hivyo kwa sababu sheria inazitenga baadhi ya taarifa na kuziita taarifa binafsi nyeti, na orodha yake ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Afya imo. Makosa ya mtu yamo. Asili ya mtu, imani yake ya dini na mtazamo wake wa kisiasa vimo. Miamala ya kifedha imo, na uanachama wa chama cha wafanyakazi umo pia. Chukua hati ya mshahara ya mwalimu yeyote uisome taratibu: utaona makato ya chama chake cha wafanyakazi, marejesho ya benki, mchango wa bima ya afya, na pengine amana ya SACCOS. Karatasi ambayo tumezoea kuiacha juu ya meza ya mapokezi, au kuitupa kwenye mashine ya kunakilia baada ya kutoa nakala, imejaa taarifa nyeti kuanzia mstari wa kwanza wa makato hadi wa mwisho.

Kuhusu adhabu, mwenzako asidhani kwamba itaishia kwa taasisi. Mtu binafsi anayetiwa hatiani kwa kufichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini kuanzia shilingi 100,000 hadi shilingi milioni 20, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili. Wala faragha si jambo lililoanza mwaka 2022. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 iliitaja zamani, ila hatukuwa na chombo mahususi cha kuisimamia.

Mwalimu, Urambo

Nimewasoma wote wawili kwa makini, nami nina pingamizi la upande wa pili, yaani upande wetu sisi tunaoandikwa kwenye hizo orodha. Ubao wa matangazo umetusaidia kuliko mnavyofikiri. Miaka ile majina ya waliopandishwa yalipokuwa yanakaa mezani kwa mtu mmoja, mwalimu angeweza kubaki katika daraja lilelile muda mrefu huku aliyeajiriwa baada yake akipita, na asingekuwa na namna ya kujua, achilia mbali kulalamika. Ninachelea kwamba sheria hii itageuzwa kuwa pazia. Tayari nimewahi kuuliza sababu za kurukwa kwangu nikajibiwa kuwa hizo ni taarifa binafsi, ilhali taarifa nilizokuwa ninaziomba zilikuwa zangu mwenyewe!

Hata hivyo, sisemi kwamba kila kitangazwe. Tunakumbuka zoezi la uhakiki wa vyeti, ambapo tarehe 28 Aprili 2017 Rais alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti yenye watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na majina yakatangazwa magazetini. Wapo waliokata rufaa wakisisitiza kwamba vyeti ni vyao halali. Mtu wa namna hiyo hata akisafishwa, gazeti halirudi mtambo wa kuchapia. Kwa hiyo ninatofautisha kati ya jambo lililokwisha kuamuliwa, kama kupanda daraja, na tuhuma ambayo bado inachunguzwa.

Na swali moja la kiutendaji: mkiondoa cheki namba, sisi wenye majina yanayofanana tutajitambuaje? Katika wilaya zetu hizi kina Kulwa Shija na Doto Shija ni wengi, na si ajabu wawili wakawa kituo kimoja.

Mtunza Kumbukumbu, Tabora Mjini

Mwalimu, hilo la majina lina dawa nyepesi: zibaki tarakimu nne za mwisho za cheki namba. Mwenyewe atajitambua, na asiye mwenyewe hatapata namba nzima ya kuchezea.

Mimi nimesomea utunzaji wa kumbukumbu hapa hapa Tabora, katika kile ambacho wenyeji bado tunakiita Chuo cha Uhazili ingawa siku hizi ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, na ninataka niwaeleze mambo yalivyo masijalani, yaani katika ofisi ya kutunza majalada, kwa sababu naona mazungumzo yamekaa zaidi kwenye mbao na simu. Tulifundishwa kwamba kila mtumishi ana majalada mawili, la wazi na la siri. La wazi lina barua ya ajira, likizo, uhamisho na mafunzo. La siri lina mashauri ya nidhamu, taarifa za daktari na mapendekezo ya wakubwa. Jalada likitoka masijalani linaandikwa limekwenda kwa nani na lini, na likirudi linaandikwa limerudi. Kwa maneno mengine, mengi ambayo sheria mpya inayadai yalikuwa kwenye mafunzo yetu zamani. Kilichotokea ni kwamba utaratibu umelegea. Utakuta barua ya daktari imepewa namba ya ukurasa (folio) kwenye jalada la wazi kwa sababu mhudumu alikuwa na haraka, na jalada hilo linazunguka kwa ofisa wa likizo, mhasibu na mkaguzi wa ndani, kila mmoja akisoma ugonjwa wa mtu ambaye yeye alihitaji kujua siku zake za mapumziko tu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa, nalo ni orodha ya nakala mwishoni mwa barua. Mtumishi anaandikiwa barua ya tuhuma, na chini yake kuna nakala kwa mkuu wa idara, kwa mtendaji wa kata, kwa mratibu wa elimu, kwa mkuu wa shule, kwa mweka hazina, na nyingine kwa jalada. Ukiuliza mtendaji wa kata anaihitaji ya nini, unaambiwa ni kwa taarifa. Kila nakala ni jalada jipya katika ofisi nyingine, na pengine katika kabati lisilo na kufuli. Mimi ningekuwa mkuu wa idara, kila jina kwenye sehemu ya nakala lingepaswa kuelezewa lina kazi gani katika shauri hilo, na lisilo na kazi likatwe kabla ya sahihi.

Tahadhari kwa wale wanaotaka kuanza kuchoma makabrasha ya zamani kwa kisingizio kwamba sheria inakataza kukaa na taarifa muda mrefu: msithubutu. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 bado ipo, na kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Jalada la mtumishi linahitajika hadi anapostaafu na baada ya hapo, maana mafao hudaiwa pia na warithi.

Muuguzi, Kasulu

Niongeze moja tu la upande wa afya. Watumishi wanaoishi na VVU ambao wamejitokeza kwa mwajiri hupewa fedha za lishe. Nimewahi kuona orodha ya malipo yake ikiandikwa waziwazi "lishe kwa watumishi wanaoishi na VVU", ikiwa na majina yote, ikapita meza kwa meza hadi uhasibu. Tangu siku hiyo wapo waliojua wanastahili wakaamua kuacha. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikuwa tayari inakataza kuvujisha hali ya mtu, kwa hiyo hapa hatuna haja hata ya kusubiri sheria mpya itufundishe. Malipo yangeweza kuandikwa kwa fungu la bajeti na namba ya rejea, na orodha yenye majina ikabaki kwenye bahasha kwa mtu mmoja aliyeteuliwa.

Swali langu kwa Mwanasheria: huku kwetu mpakani fomu moja ya ofisi tuliyoirithi ina safu ya kabila na mahali walikozaliwa wazazi. Je, inastahili kubaki?

Afisa Utumishi, Tabora

Ninawashukuru nyote, na hasa Mtunza Kumbukumbu, kwa kuwa hilo la nakala limenifanya nifungue barua zetu chache na kukuta hali ni hiyo hiyo. Naomba kuongeza maswali mawili. La kwanza ni mikopo. Mawakala wa taasisi za fedha wanafika ofisini wakiomba orodha ya watumishi wapya ili wawatembelee, na baadhi wanataka kujua ni nani ambaye bado ana nafasi ya kukopa, yaani ambaye makato yake hayajagusa ile theluthi moja ya mshahara inayopaswa kubaki. La pili ni ukusanyaji wa takwimu. Tunapoombwa takwimu kwa haraka, idara hutengeneza fomu ya mtandaoni kwenye Google, kiungo kikarushwa kwenye makundi, na watumishi wakajaza namba za NIDA, akaunti za benki na majina ya wategemezi. Ni kazi ya saa chache badala ya wiki, ila sasa ninaiona kwa jicho jingine.

Mwanasheria, Kigoma

Nianze na la Muuguzi kwa sababu ni fupi. Pale ambapo sheria inataka uthibitisho wa uraia, kitambulisho cha taifa au cheti cha kuzaliwa ndiyo ushahidi, na vyombo vyenye mamlaka ya upekuzi vina taratibu zao. Kabila haliongezi chochote katika kusimamia likizo wala mshahara wa muuguzi. Safu hiyo ifutwe kwenye fomu mpya, na kwenye fomu za zamani isitumike kufanyia uamuzi wowote. Kwa sisi wa Kigoma, ambao wengi tumewahi kuulizwa uraia wetu kwa sababu ya lafudhi tu, jambo hili si dogo.

Mikopo: msitoe orodha. Mtumishi alitoa taarifa zake ili aajiriwe na alipwe, hakuzitoa ili afuatwe na wauza mikopo, na kiwango cha makato yake ni muamala wa kifedha, kwa hiyo ni taarifa nyeti. Anayetaka kukopa ataomba mwenyewe, na hapo ndipo ofisi inapothibitisha kile alichoomba kithibitishwe, kwa mkopeshaji aliyemtaja, basi. Ofisa anayegawa orodha kwa wakala, hata kama hakupewa hata soda, anafanya ufichuaji ambao nilitaja adhabu yake hapo juu.

Fomu za mtandaoni zina matatizo mawili. Taarifa zinahifadhiwa kwenye seva zilizo nje ya nchi, na sheria ina masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya mipaka ambayo karani aliyetengeneza fomu saa mbili usiku hawezi kuyatimiza. Vilevile fomu inakuwa mali ya akaunti binafsi ya aliyeitengeneza. Akihamishwa kwenda Mtwara, anahama na namba za NIDA za watumishi wote wa wilaya. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe, na sehemu kubwa ya taarifa hizo zimo tayari kwenye mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara. Kabla ya kumwomba mtumishi taarifa, uliza kwanza kama ofisi haijawa nayo. Mara nyingi inayo, ila kuitafuta kunamchosha mwombaji kuliko kuwachosha watumishi mia tano.

Kwa Mwalimu, aliyekujibu kwamba taarifa zako mwenyewe ni siri alikosea. Sheria hii inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na kuomba zilizokosewa zirekebishwe, na kwa maslahi ya umma kwa ujumla bado ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika barua, taja tathmini na mwaka unaohusika, uipitishe kwa mwajiri na kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Haki ya kurekebisha nayo isichukuliwe kama mlango wa kupunguza umri miaka michache kabla ya kustaafu. Utaratibu wa utumishi unaangalia tarehe ya kuzaliwa uliyoitoa ulipoajiriwa mara ya kwanza, na hapo utakutana na barua yako mwenyewe.

Afisa Utumishi, Tabora

Nimekuelewa vizuri. La mwisho: picha ile imekwishasambaa na mwenye malalamiko bado anasubiri jibu. Nikiandika dokezo kwa mkurugenzi, nishauri nini hasa?

Mwanasheria, Kigoma

Kwanza, wasimamizi wa makundi yote mnayoyajua waifute picha, na orodha ya ubaoni ibadilishwe kwa ile yenye jina, kituo, cheo kipya na tarakimu nne. Pili, mshaurini mkurugenzi atoe taarifa kwa Tume bila kuchelewa, kwa kuwa mkusanyaji, yaani taasisi inayokusanya taarifa, anawajibika kuijulisha Tume kunapotokea uvunjaji wa usalama wa taarifa, na ni afadhali ijue kutoka kwenu kuliko kutoka kwa mlalamikaji. Tatu, angalieni kama taasisi yenu imesajiliwa na Tume na kama ina afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi aliyeteuliwa kwa barua, maana hayo ndiyo maswali ya mwanzo mtakayoulizwa. Mtumishi mwenyewe aandikiwe barua inayomweleza kilichotokea, hatua zilizochukuliwa, na kwamba ana haki ya kulalamika kwa Tume na kudai fidia. Tume ikipokea lalamiko, sheria inaipa siku 90 za kuchunguza, na inaweza kuongeza muda.

Barua hiyo iende kwa mkono, katika bahasha iliyofungwa, na isiwe na nakala kwa mtu yeyote isipokuwa jalada lake la siri.